Maziwa kwenye Kola ya Marehemu

Nehemia Mhina alikutwa amelala kifudifudi kwenye chumba cha kuoshea vyombo, katika kiwanda cha juisi ya machungwa, Muheza, saa nne asubuhi. Ndoo ilikuwa kando yake. Hewa bado ilikata koo, na Inspekta Kazija Mbarouk alisubiri nje mpaka zimamoto waliporuhusu watu kuingia. Kazija ni Mpemba. Ushujaa wa kijinga haumo katika damu yake.

"Klorini na asidi zimekutana," alisema daktari baada ya uchunguzi wa maiti. "Gesi yake inaunguza mapafu. Ndoo ilikuwa na klorini nusu, akaongezea asidi."

"Alijua anachoongeza?"

"Hilo swali lako, afande. Ila kuna jambo jingine. Ana maziwa mdomoni na kwenye kola."

Kiwandani hapo dawa za kusafishia humiminwa kwenye madumu ya mafuta ya kula, yote ya manjano, yote sawa. Ili kuyatofautisha hufungwa kitambaa shingoni: chekundu asidi, kijani klorini. Uzembe mtupu! Loveness, msimamizi wa usalama, alishaandika barua mbili kuomba vyombo vyenye lebo, akapuuzwa. Lakini lawama haikosi pa kulala. Kufikia adhuhuri binti wa watu alikuwa mahabusu, akingoja kesi ya kuua bila kukusudia.

Kazija alivitazama vile vitambaa kwa lenzi. Cha kijani, kwenye dumu la asidi, kilikuwa na mabaka meupe. Chekundu, kwenye dumu la klorini, kilikuwa kimetobokatoboka.

"Klorini hupausha, asidi hutoboa," alimwambia Koplo Yakoub. "Vitambaa vimebadilishwa. Marehemu alidhani anaongeza klorini kwenye ile iliyobaki ndooni. Huu si uzembe, kuna mkono wa mtu."

Akamwita Loveness.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Zamu ya kuosha leo ilikuwa ya nani?"

"Yangu. Nehemia aliniomba aingie yeye."

"Kwa nini?"

"Mambo ya nyumbani kwake. Nilimwahidi sitasema."

"Haya. Mtu akivuta gesi, unawafundisha wafanye nini?"

"Atolewe haraka kwenye hewa safi, na anayemtoa avae kinyago. Alegezwe nguo, akalishwe, hospitali ipigiwe simu. Asipewe kitu mdomoni."

"Hata maziwa?"

"Afande, nimekauka koo kwa kuwakataza maziwa! Kila mtu hapa anaamini maziwa yanaua sumu."

"Nani hajahudhuria mafunzo yako?"

"Mmoja tu. Beatrisi wa kitengo cha kufungasha. Mke wa Nehemia."

Msibani, Beatrisi alikuwa na macho mekundu na sauti imekwaruza. Kwa mjane, nani angeshangaa? Kazija aliomba chumba cha faragha.

"Pole sana. Ulimwona mumeo saa ngapi?"

"Walipokwisha kumtoa nje. Mlinzi ndiye aliyemkuta."

"Mlinzi hakukohoa hata mara moja. Wewe unakohoa tangu nimeingia."

Beatrisi akaziba mdomo kwa kiganja, akakohoa tena.

"Aliyebadilisha vitambaa alitaka mtu aumie," Kazija alisema taratibu. "Aliyemnywesha maziwa alitaka apone. Nilidhani ni watu wawili."

Beatrisi akajifunika uso kwa khanga.

"Nilidhani ni Loveness! Nilibadilisha jana jioni. Nilijua leo ni zamu yake. Nikatoroka mezani, nikajibanza karibu na mlango nimwone Loveness akitoka anakohoa, mjuaji wa dawa aaibike. Mtu akaanguka chini. Nikafungua mlango, kumbe mume wangu. Nikakimbilia maziwa. Hakuzinduka, nikaogopa, nikakimbia."

"Ungemburuta nje."

"Sikujua!"

"Ungefundishwa."

"Na nani? Na yeye? Kila tukikaa kula, Loveness kasema hivi, Loveness kasema vile. Mwezi mzima, afande! Nilikuwa naungua moyo. Nikaapa darasani kwake sikanyagi."

Wivu humla mwenyewe, na huyu ulimla mchana kweupe. Kazija alimhurumia, lakini alimtia pingu.

Kituoni, Loveness alikuwa akirudishiwa mkanda na simu yake kaunta. Beatrisi alipomwona akapiga kelele.

"Zamu ilikuwa yako! Kwa nini aliingia yeye?"

Loveness alimtazama Kazija, kama anayeomba ruhusa ya kuvunja ahadi.

"Kwa ajili yako, dada. Alisema unafanya kazi karibu na dawa hizi na hujui kitu, hana usingizi. Alidhani unaona haya mbele za watu. Akaniomba nipate saa moja nikufundishe peke yako, yeye anioshee."

Beatrisi akashika ukingo wa kaunta.

"Nilikuja mezani kwako saa tatu na nusu," Loveness alisema, sasa naye analia. "Hukuwepo."