Karatasi Aliyoisoma Kokuhirwa

Kokuhirwa alikuwa amekaa mlangoni akimenya ndizi za jioni aliposikia gari likikohoa kwenye mlima wa Chonyonyo. Lilipanda, likasita, likapanda tena, kisha likaingia uani kwao likitoa moshi mweusi na kuzimika kando ya mgomba wa kwanza. Akashuka mwanamume mrefu, koti lake limejaa vumbi. Hakuna aliyekuwa akimtazamia.

"Shikamoo," Kokuhirwa alisema.

"Marahaba, binti. Nimeambiwa huku kuna fundi."

Fundi alikuwa Gaudiosus, baba yake. Hakuwa na gereji. Alikuwa na ua, kisanduku cha spana na sifa ya kutomdanganya mtu. Mgeni aliletewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Alichukua punje moja tu, tena akiwa amesimama.

"Naitwa Karekezi," alisema. "Natoka Mwanza, naenda Nyakatuntu. Mama yangu ni mgonjwa sana. Ametuma neno kwamba ananisubiri. Nikiondoka hapa kabla ya saa kumi, jioni nitakuwa naye."

Gari lake lilikuwa la aina iliyoanza kuonekana miaka hiyo, lisilo na kabureta ya kuchanganya petroli na hewa. Karekezi alitoa kiboksi mfukoni. Ndani mlikuwa na kitu kama plagi, chenye waya mkiani.

"Fundi wa Mwanza anakiita sensa," alieleza. "Inakaa kwenye bomba la moshi. Inaonja moshi, halafu inaiambia injini iongeze petroli au ipunguze. Ya zamani imekufa, ndiyo maana gari linakunywa mafuta na halina nguvu mlimani. Hii mpya nimeinunua, ila muda wa kuifunga sikupata."

Gaudiosus aligeuza kile kitu mkononi. Malori na magari ya misheni aliyajua kama vidole vyake, lakini hiki alikuwa hajawahi kukiona. Akaikunjua karatasi iliyokuwa ndani ya kiboksi.

"Kiingereza kitupu," alisema.

"Mimi nilisoma Kifaransa kidogo, basi," Karekezi alisema.

"Usijali, msomi tunaye. Kokuhirwa, njoo. Huyu yuko darasa la saba. Jumamosi atasema shairi la Kiingereza mbele ya wazazi wote, na atakayeshinda atapewa kamusi."

Shairi lile Kokuhirwa alilikariri kwa kulisikia, kama mtu anavyoshika wimbo. Maana yake hakuijua. Aliitazama karatasi, herufi zikamtazama. Kusema "sijui" mbele ya mgeni, baba akiwa amekwisha kumsifu, kulimshinda.

"Inasema ioshwe kwa petroli," alisema, "halafu ipakwe grisi ili iingie vizuri." Ndivyo baba alivyofanya kwa kila kifaa.

"Karatasi ndefu hivyo, maneno machache hivyo?" Rwegoshora, mdogo wake, alimchokoza.

"Nyamaza wewe, hata Kiswahili kinakushinda," Kokuhirwa alijibu upesi.

Bomba lilipopoa, Gaudiosus aliingia chini ya gari. Sensa ya zamani ilikuwa imeganda kwa kutu, ikatoka kwa shida. Ile mpya aliiosha kwa petroli na kuipaka grisi mpaka kichwani, kama alivyosomewa, akaifunga, akachomeka waya. Karekezi akawasha. Gari lilinguruma vizuri kidogo, likafuka, kisha likaanza kutetemeka na kuzimika. Wakawasha tena. Likazimika tena.

"Sensa ni mpya na tumefuata karatasi," Gaudiosus alisema. "Tatizo liko kwingine."

Akafungua plagi moja moja. Akafungua chujio la petroli. Jua likashuka, mikono yake ikachubuka. Kokuhirwa alimshikia taa. Wakati wa chakula Karekezi alisema, "Mama anajua mlio wa kila gari. Nadhani sasa anasikiliza barabarani." Kokuhirwa alirudisha tonge sahanini.

Kulipopambazuka aliichukua karatasi na kukimbia kwa Mwalimu Joviana, aliyewafundisha Kiingereza shuleni. Alirudi akilia.

"Baba, jana sikuisoma. Sikujua. Mwalimu ameisoma: kichwa cha sensa kisiguswe na mafuta wala grisi, kitaharibika."

Gaudiosus aliingia chini ya gari, akaitoa sensa, nyeusi kichwani. Akairudisha kuziba tundu tu, akaacha waya wake bila kuuchomeka ili isiidanganye injini tena. Gari likawaka, likabaki limewaka.

"Litakunywa mafuta, lakini litafika," alisema kwa sauti ndogo. "Mzee, nisamehe. Kuipaka grisi lilikuwa kosa la kurekebishwa kwa saa moja. Kama ningelijua jana ile ile, ungelilala kwa mama yako."

Karekezi alimtazama Kokuhirwa. Hakufoka. "Mama akiniuliza kilichonichelewesha, nimwambie nini?"

"Nitakuja mwenyewe nimweleze," Kokuhirwa alisema. "Jumamosi, kwa kuwa hakuna shule."

Ijumaa dereva wa lori la kahawa alileta habari. Mama yake Karekezi alifariki alfajiri ya Alhamisi. Mwanawe alimkuta amekwisha kufunikwa.

"Kesho ni siku ya shairi lako," Gaudiosus alisema jioni ile. "Na yule uliyeahidi kumweleza hayupo tena."

"Najua, baba. Nilisema nitakuja."

Walipanda lori alfajiri. Njiani Gaudiosus alisema, "Sikukasirika kwa sababu hukujua Kiingereza. Mimi pia sikijui. Lakini mtu aliye chini ya gari anakuamini kwa mikono yake yote. Ukimwambia 'sijui', atatafuta njia nyingine. Ukimdanganya, unamwachia njia moja tu, tena mbovu. Nami nilikosea. Nilikusifu mpaka nikakufungia mlango wa kusema ukweli."

Nyakatuntu walikuta waombolezaji wamekaa uani. Therese, dada yake Karekezi, hakuitikia salamu upesi. "Kila gari lilipopita Mama aliuliza, ni yeye?" alisema. "Tulichoka kumjibu."

Karekezi aliwaongoza mpaka nyuma ya migomba, penye udongo mbichi. Saa ile, shuleni, wenzake Kokuhirwa walikuwa wamejipanga mistari mbele ya wazazi, na kamusi iko mezani. Alipiga magoti.

"Shikamoo, bibi," alisema. "Mimi ndiye niliyemchelewesha mwanao. Nilisema najua kusoma, na sikujua. Kisha nikanyamaza mpaka asubuhi."

Udongo haukujibu. Kokuhirwa alibaki amepiga magoti, asijue kama ainuke. Hatimaye Karekezi aliinama, akamshika begani, akaitikia salamu kwa niaba ya mama yake.

"Marahaba, mjukuu," alisema. "Umefika."