Kucha Nyeusi Kwenye Ungo

Kila asubuhi baada ya mavuno, Hiltrud alipiga ishara ya msalaba, akawapa wanawe uji, kisha akashika ungo. Mumewe alikuwa amekufa msimu wa baridi, akamwachia kipande cha shamba kwenye mteremko juu ya mto Mosel na watoto wawili: Richlind, msichana wa miaka kumi na mmoja, na Ekbert, aliyekuwa bado hajui kufunga kamba za viatu vyake. Shambani walilima rai, nafaka ya maskini wa huko. Mkate wake ni mweusi na mzito, lakini unashibisha.

Mwaka ule mvua haikukatika. Katikati ya punje za rai zikaota nyingine, nyeusi na ndefu, zilizopinda kama kucha za jogoo. Majirani hawakuzijali. Walisema hizo ni kucha za Shangazi wa Rai, yule mwanamke mrefu anayepita shambani upepo ukivuma na kuwakamata watoto wanaokanyaga mimea. Richlind alimwogopa sana. Alipopita kando ya shamba alishika msalaba wake wa mti na kukimbia bila kugeuka nyuma.

Hiltrud hakuwahi kusema neno juu ya Shangazi. Yeye alichagua nafaka tu, kucha moja moja, na kuzitupa motoni.

"Kwani zina nini, mama?" Richlind aliuliza.

"Sijui zina nini. Najua kwamba mwaka mmoja zilipozidi, mama yangu alizika mtoto. Tangu siku hiyo hakusaga bila kuchagua. Nami sisagi."

Ikafika zamu yao ya kwenda kwenye kinu cha maji. Siku hiyohiyo Hiltrud aliitwa kufanya kazi katika shamba la bwana wa nchi, na wito huo haukukataliwa. Akamwachia Richlind gunia. "Chagua mpaka liishe, mwanangu. Jioni tunapeleka."

Jua lilikuwa halijapanda sana Gepa, binti wa jirani, alipochungulia mlangoni.

"Wee Richlind! Bado unatafuta chawa kwenye nafaka?"

"Niache. Mama kaniambia nimalize."

"Kwetu tunasaga na kucha zake, na nitazame nilivyonona! Haya, kwenye kivuko kuna mtu ana dubu anayecheza. Anasimama kwa miguu miwili kama padri!"

"Mama atajua."

"Atajuaje, shoga? Zikishasagwa ni unga."

Richlind akautazama ungo, akalitazama gunia. Kucha nyeusi zilikuwa nyingi kuliko siku zote. Akamwaga nafaka na kucha pamoja guniani, akalifunga, akakimbia kumwona dubu.

Jioni Hiltrud alirudi mgongo ukimuuma. "Umechagua?"

"Nimechagua, mama. Yote."

"Mungu akubariki," mama akasema, akambusu utosini. Baraka ile ilimchoma Richlind kama mwiba.

Unga ukasagwa, mikate ikaokwa katika tanuri la kijiji. Hiltrud, kama akina mama wengi wenye kidogo, alijimegea kipande chembamba na fungu lake kubwa akampa Ekbert. Richlind alikula bila kuinua macho. Siku ya kwanza haikutokea kitu, wala ya pili. Akaanza kupumua. Kumbe Gepa alisema kweli!

Kisha vidole vyake vikaanza kumtambaa, kana kwamba sisimizi wameingia chini ya ngozi. Alivisugua kwenye sketi, havikuacha. Alikuwa akivitazama hivyo aliposikia Ekbert akipiga ukelele ndani.

"Moto! Mama, moto mikononi!"

Hapakuwa na moto. Mikono yake ilikuwa ya baridi, na vidole vimejikunja kama vya mzee. Alitetemeka mwili mzima, macho yakimzunguka. Bi Oda, jirani yao mtu mzima, alikuja mbio na majani ya kufukiza.

"Shangazi wa Rai amemgusa," Bi Oda akanong'ona. "Alikanyaga shamba la nani?"

"Hakukanyaga la mtu," Hiltrud akajibu. Sauti yake ilikuwa tulivu. Mjane haruhusu watoto waione hofu yake. Akavunja mkate ndani ya bakuli la maziwa. "Kula, baba. Kula upate nguvu."

Ekbert akameza kijiko cha kwanza. Richlind alisimama ukutani. Nje upepo ulivuma juu ya mashamba, na kwa mara ya kwanza maishani hakuuogopa. Alielewa kwamba kilichomkamata ndugu yake hakikuwa shambani. Kilikuwa ndani ya lile bakuli, na yeye ndiye aliyekiweka. Kijiko cha pili kikapanda. Akisema, mama atamchukia. Asiposema, je?

"Mama, usimpe!"

"Nini tena?"

"Usimpe mkate! Sikuchagua. Nilikwenda kumtazama dubu. Nilikudanganya, mama. Kucha zote zimo humo!"

Bi Oda akashika kichwa. "Yesu na Maria! Mtoto huyu anaua ndugu yake!"

Hiltrud hakupiga kelele. Alimtia Ekbert kidole mdomoni akamtoa kilichobaki, akamimina bakuli kwenye majivu. Kisha akatoa mikate yote, na unga wote.

"Una wazimu, Mama Richlind?" Bi Oda akasema. "Chakula cha majira mazima! Utawalisha nini?"

"Kabichi. Maziwa ya mbuzi. Tutalala njaa. Njaa ninaijua, Bi Oda. Hiki sikijui." Akamgeukia binti yake. "Lete jembe tufukie. Halafu nenda kwa kina Gepa ukawaambie ulichoniambia."

"Watanicheka, mama. Watanipiga."

"Huenda. Nenda."

Richlind alikwenda. Gepa ndiye aliyefungua mlango. Hakucheka. Alikuwa akijikuna viganja.

"Nawe unatambaliwa na sisimizi?" Richlind akamuuliza.

Gepa akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimlengalenga. Mama yake alitokea nyuma, akamsikiliza Richlind mpaka mwisho, kisha akashusha mkate kutoka rafuni ili akautupe.

Ekbert aliteseka siku nyingi. Kila alipopiga ukelele, Richlind alishika miguu yake iliyopoa na kumwomba Mungu amchukue yeye. Hofu haikuondoka ghafla, ilipungua polepole. Siku moja mtoto aliomba supu. Siku nyingine aligombana na mbuzi. Kidole kimoja cha mwisho hakikunyooka tena.

"Nichape, mama," Richlind akasema alipokitazama kidole kile. "Mbona hunichapi?"

Hiltrud akaweka ungo magotini mwa binti yake. "Tazama hapa. Kucha ikiwa kwenye ungo, hata mtoto anaiona. Anaiokota, imekwisha. Ikishasagwa, hakuna jicho la kuiona tena, na wanaoila ni wale usiotaka wadhurike. Uongo nao ni hivyo. Uokote ungali mzima. Wewe ulichelewa, lakini uliuokota mbele ya watu, ukiwa unaogopa. Kwa hiyo ndugu yako yu hai."

Richlind alikuja kuwa mtawa, kisha mkuu wa watawa, na jina lake likavuma bonde zima la Mosel. Wagonjwa waliounguzwa na ule moto usioonekana walibebwa mpaka malangoni kwake, wakalishwa mkate wa nafaka iliyochaguliwa. Watu walipiga magoti alipopita.

Hiltrud alipozeeka alikwenda kumtembelea, akitembelea fimbo. Alimkuta jikoni, amekaa kati ya wapishi, ungo ukiwa magotini. Mahujaji wawili walikuwa wamepiga magoti mlangoni wakingoja baraka. Bibi kizee aliwapita, akachungulia ungo.

"Umechagua?"

"Bado, mama," akajibu mtawa mkuu. "Imebaki nusu gunia."

Hiltrud akavuta kigoda, akaketi, akanyoosha mkono, akaokota kucha moja.