Pipa Lisilopungua la Belfrasco

"Nani amelijaza?"

Fosca aliuliza akiwa amepiga magoti darini, tochi mkononi, akichungulia tundu la pipa. Nta iliyofunika kizibo alikuwa ameivunja yeye mwenyewe muda huohuo, nayo ilikuwa nzima. Divai tamu ya zabibu kavu hufungiwa ndani ya mapipa madogo chini ya vigae, ichomwe na kiangazi, ikazwe na baridi, na kadiri miaka inavyopita hupungua kwa hewa; huku husemwa malaika wamekunywa fungu lao. Haijawahi kutokea isipungue. Pipa hili lilikuwa limejaa mpaka mdomoni.

Baba yake, Oriano, alikohoa. "Labda malaika wa mwaka huu wamefunga kunywa."

"Baba, sitanii."

"Na mimi umeniona nikicheka?"

Wakashuka.

Jumba la Belfrasco lilijengwa na tajiri wa Firenze enzi za wachoraji wakuu, baadaye likaachiwa popo na mbuzi, hadi Valmori wa Milano aliponunua kila kitu, mizabibu na vigae. Tulimwita dottore, kama tunavyomwita kila mwenye shahada na viatu visivyo na tope. Alilikarabati vizuri, hilo simnyimi. Kisha akabandika mlangoni kibao cha marumaru chenye historia. Tajiri ametajwa. Mchoraji ametajwa. Hata farasi wa tajiri ametajwa, kwa jina. Msichana, hakuna.

Na msichana tulimjua sote, maana mafundi walimkuta. Walibomoa ukuta wa matofali kule darini ili wageni wapate nafasi ya kuonja, na nyuma yake wakakuta mifupa myembamba, kitana cha pembe na pipa moja. Mwaka wa tauni msichana huyo, mtumishi wa jumba, alikohoa mara moja mbele ya mabwana, wakamjengea ukuta akiwa hai. Wakamwachia divai. Sijui walidhani huo ndio wema.

Mifupa iliondoka kwa katoni kwenda mjini. Kitana kikawekwa kwenye kabati la kioo. Na ndani ya pipa, chini kabisa, kulikuwa na chachu nyeusi, nzito kama lami, ambayo bado ilikuwa hai. Mtu wa kwingine angeimwaga. Huku kwetu chachu kongwe haimwagwi. Bi harusi hupewa kijiko cha chachu ya kwao kabla ya kupewa shuka. Fosca, mtengeneza divai wa jumba, akaigawa kijiko kwa kijiko ndani ya mapipa yote mapya. Wakati huo alikuwa na mimba ya binti yake, Gemma. Sote tulimpongeza.

Miaka ikapita, na siku ile pipa lilipokutwa limejaa, dottore alionja divai yake, akafumba macho. "Mkate," alisema, machozi yakimtoka. "Mkate wa moto, asubuhi, jikoni. Fosca, umefanyaje?"

Fosca akaonja. Kwake, maji.

Hakumwambia mtu. Mtengeneza divai asiye na pua ni sawa na mpiga kengele kiziwi, na yeye tangu majira ya baridi alikuwa hasikii harufu ya mkate. Alidhani ni mafua. Baadaye ikapotea harufu ya mvua, kisha ya moshi wa kuni. Halafu kitu kingine, ambacho hata kwa padri alishindwa kukitaja.

Mchana mmoja, vigae vikilia kwa joto, alipanda peke yake akaweka sikio kwenye pipa. Ndani kulikuwa na sauti ndogo kavu, ya mtu anayechana nywele taratibu, asiye na haraka, asiye na pa kwenda. Akaweka sikio kwenye la pili. Huko pia alikuwa anachana.

Siku ya karamu ya wageni, mumewe Duccio, aliyesaidia kugawa vinywaji, alilamba tone lililobaki kwenye glasi. Akaganda.

"Fosca," alinong'ona. "Hii ni Gemma. Kichwa chake, akitoka kuoga. Naapa."

Fosca alitoka uani. Gemma alikuwa ameanguka kwenye changarawe, goti linavuja damu, analia, "Mama! Mama!" Fosca alimtazama. Ilikuwa kama kumtazama mtoto wa picha kwenye boksi la biskuti. Akamwosha, akamfunga kitambaa barabara. Mikono ilikuwa inakumbuka. Ndani hapakuwa na mtu.

Duccio alimfuata dottore. "Ifunge dari, bwana. Kuna kitu humo kinamla mke wangu."

"Wageni wanalia kwa furaha, Duccio. Nitaandika jina lake kwenye chupa."

"La msichana?"

"Msichana gani?"

Ndipo wakamwita Bibi Ersilia, anayeondoa jicho la husuda kwa sahani ya maji na matone ya mafuta. Alidondosha tone. Mafuta yakazama.

"Eh," alisema bibi, akajifunga shali. "Huyu hakutupiwa jicho. Huyu anachotwa. Yule mtoto wa watu aliachwa bila mkate, bila mvua, bila wa kumshika. Basi anajikusanyia."

"Mfukuze," alisema Oriano.

"Nimfukuze wapi? Mmemgawia vyumba. Kila pipa ni chumba chake. Mwageni vyote juu ya udongo, wazi, aione mbingu aende zake. Kilichomwagwa kitarudi. Kilichonywewa, mwanangu, njia yake siijui."

Walipanda saa ya chakula, dottore akiwa mezani, wakaanza kuteremsha mapipa, na kila walipogusa moja kuchana kulianza ndani yake, na kuchana kule kukaruka kwenye la jirani na la jirani yake, kukaenda kasi, nywele zikikatika, mpaka dari nzima ikawa inachanwa juu ya vichwa vyao na Oriano akawa anasali huku anatukana, na Duccio hakuthubutu kutazama pale ukuta ulipokuwa, maana palikuwa na mtu amekaa, magoti kifuani, akingoja zamu yake ya kutoka.

Wakamwaga. Udongo ukanywa. Fosca akasikia harufu ya mkate, ya mvua, ya moshi, moja baada ya nyingine, akawa anatikisa kichwa kila mara: bado. Pipa la mwisho lilikuwa jepesi. Ndilo lililokuwa na harufu ya Gemma. Dottore alikuwa ameshaitia divai yake kwenye chupa, na wageni walikuwa wameondoka nazo.

Dari iko kimya sasa. Fosca humpikia mtoto, humfunga vifungo vya koti, humwimbia wimbo uleule bila kukosea.

"Mama, umenikasirikia?"

"Hapana," husema, na ni kweli.

Chupa zile ziko nje, sijui kwa nani. Nakuomba basi: siku ukimiminiwa divai tamu ya Belfrasco, ikanukia nywele za mtoto aliyetoka kuoga, usiimeze. Toka nje uimwage juu ya udongo.