Rangi Zinamficha

Herieth alifika Mzenga saa kumi na moja na nusu jioni, bega likimuuma kwa mkoba wa kamera. Ilikuwa kazi ya kawaida. Mama Yunis, mwalimu mstaafu, alikuwa amempigia simu studio kwake Tumbi akitaka picha moja tu ya nyeusi na nyeupe. "Ya rangi usiniletee," alisisitiza. Herieth hakushangaa. Wateja wake wengi walimfuata kwa hizo hizo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Fanya haraka, jua lisituache."

Mumewe, mzee Sostenes, alikuwa kibarazani na hakuonekana kuufurahia ugeni. Lakini alipoombwa ashike ubao mweupe wa kurudishia mwanga, aliingia ndani akaushika.

Herieth alimkalisha mama kando ya dirisha la sebuleni, mwanga umguse shavu moja, la pili libaki kizani. Akamwomba avue mtandio wa maua, maana picha ya namna hiyo haijui maua. Inajua giza na nuru tu. Na kama ilivyokuwa desturi yake, akaiweka kamera ihifadhi rangi zote ndani, ila kioo cha nyuma kimwonyeshe nyeusi na nyeupe, jicho lisije likadanganywa.

Akapiga ya kwanza. Akatazama kioo.

Nyuma ya kiti, kati ya mama Yunis na ukuta, kulikuwa na doa la kijivu. Refu. Kama moshi uliosimama.

Aliinua macho. Ukuta mtupu, wa bluu.

Akaifuta lenzi, akapiga ya pili. Doa lilikuwepo... na sasa lilikuwa na mabega.

Ndani ya kamera kuna kichujio chekundu. Ukikiwasha, ngozi ya mtu hung'aa na kila kilicho cha bluu hugeuka cheusi. Herieth alikiwasha. Akapiga. Ukuta ukawa mweusi tii, na kilichokuwa mbele yake kikajitokeza.

Alikuwa msichana.

Gauni jeupe limechakaa. Tope hadi magotini. Viganja vimechubuka. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakutazama kitu. Na pale sebuleni ikapita harufu... udongo mbichi, uliochimbuliwa muda si mrefu.

"Mbona kimya?" Sostenes aliuliza.

"Narekebisha mwanga tu, mzee."

Mama Yunis hakugeuka. Midomo ilitikisika kidogo mno. "Yupo?"

Herieth alimwinamia kama anayemweka sawa kola. "Nani, mama?"

"Anjela. Binti yangu. Tulimzika, huu mwaka wa kumi na moja. Namsikia akipumua humu ndani, ila simwoni. Rangi zinamficha. Amekonda?"

Herieth alikumbuka viganja vile. Uongo ulimkataa.

"Amekonda, mama."

Alipotazama kioo tena, aliuona uzi. Mweupe, mwembamba, umefungwa kwenye kifundo cha mkono wa msichana. Ulikatiza hewani hadi ukingoni mwa picha, upande aliosimama Sostenes.

"Mzee," alisema, "sogea kidogo kulia."

Sostenes akasogea. Herieth akapiga.

Msichana alikuwa amevutwa kulia.

"Inua ubao."

Akainua. Kwenye kioo, mkono wa msichana ulikuwa juu.

Sostenes akaushusha ubao taratibu. "Hebu nione."

"Hazijatoka vizuri, mzee. Jua limezama."

"Nimesema nione."

Hatua zake zilikuja. Moja. Mbili... Kidole cha Herieth kikarudisha rangi, kikafyatua, akamwonyesha hiyo. Mama na ukuta wa bluu, basi. Sostenes aliitazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama Herieth kwa muda mrefu zaidi.

"Chapisha hii," alisema. "Hizo nyingine futa."

Alipotoka kwenda kuwasha taa ya nje, mama Yunis alimdaka Herieth mkono.

"Ni mzee aliyemshika?"

Herieth aliitikia kwa kichwa.

"Tuna ekari sita za mananasi, zinalimwa, na kibarua hajawahi kukanyaga. Nikiuliza, ananiambia nimshukuru Mungu." Hakulia. "Usifute. Mpelekee kaka yangu Ephraim, Kisarawe mjini. Huku usirudi."

Kesho yake, kwenye kompyuta, Herieth alizifungua picha zikiwa na rangi zake. Hapakuwa na msichana. Akaondoa rangi, akaishusha bluu hadi mwisho. Anjela akarudi. Akachapisha moja, akaipeleka Kisarawe mwenyewe. Ephraim aliipokea kwa mikono miwili, akaketi.

Jumapili, baada ya ibada, Ephraim alimfuata dada yake Mzenga. Sostenes hakuwepo. Nguo zake zilikuwepo, simu ilikuwa mezani. Katikati ya mananasi zilipita nyayo za watu wawili kuelekea bondeni, za viatu na za miguu mitupu. Zilifika kijitoni zikaishia hapo.

Ndugu walitaka kaburi lifukuliwe. Mama Yunis alikataa. "Mtanionyesha nini nisichokijua?"

Baada ya miezi miwili alikuja Tumbi peke yake. Akaketi kwenye kigoda mbele ya kitambaa cha bluu.

"Nipige."

Herieth akawasha kichujio chekundu. Akapiga.

"Yupo?"

Alikitazama kioo hadi macho yakamuuma. Mama, na giza nyuma yake.

"Hayupo, mama."

Mama Yunis alifumba macho. Kifua kilipanda, kikashuka.

"Amepumzika... au anamlimia yule mzee huko alikompeleka?"

Mama akanyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, akaitazama lenzi bila kupepesa.

"Piga tena," alisema.