Pikipiki ya Anselme na Kitanda cha Koko Leila

"Nyumba hii ikiwaka, wewe utabeba watoto na utakimbia," Rachida akasema. "Mama yangu atakimbia na miguu gani?"

"Nani amesema nyumba itawaka?" Anselme akajibu, akimwita yaya kama dada mkubwa. "Yaya Rachida, unatafuta maneno. Mutu hawezi kuingiza piki yake mu nyumba yake?"

"Ingiza. Lakini zima kwanza. Unaingia na moteri inalia, moshi inajaa kwetu. Kisha esanse inanuka mpaka asubuhi."

"Esanse iko ndani ya tangi. Haitoki kutembea."

Watu wawili watatu wakacheka. Mwendesha toleka mmoja alikuwa amesimamisha baiskeli yake njiani. Abiria wake alikuwa bado amekaa nyuma. Wote wawili walikuwa wanasikiliza.

"Sema tu kweli," Anselme akaendelea. "Tangu ninunue hii piki, salamu yako imekuwa fupi. Inakuumiza macho."

Neno hilo lilikuwa baya. Hata aliyekuwa anacheka aliacha. Rachida akageukia mlango wake.

"Bon," akasema. "Mimi niko na wivu. Tumesikia wote."

Akaingia kwake, akafunga mlango polepole. Angeupiga kwa nguvu, ingekuwa afadhali.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Kufika Ijumaa asubuhi, soko lote la Mangobo lilijua habari. Wengine walisema Rachida alimpiga Anselme kofi. Kofi halikuwepo. Lakini salamu kati ya nyumba hizo mbili zilikatika, na hilo lilikuwa kweli.

Nyumba zenyewe zilikuwa chini ya paa moja. Katikati kulikuwa na ukuta wa mbao tu. Upande mmoja waliishi Anselme, mke wake Berthe na watoto wao. Upande wa pili aliishi Rachida, anayeuza chumvi na sabuni sokoni, pamoja na mama yake. Mama huyo aliitwa Koko Leila, koko maana yake bibi. Miaka miwili iliyopita ugonjwa ulimwangusha, na upande mmoja wa mwili ukafa. Tangu hapo alilala kwenye kitanda karibu na ule ukuta wa mbao. Hakuweza kusimama bila watu wawili.

Miguu ilikataa, lakini masikio ya Koko Leila yalikuwa mazima kabisa. Alijua nani amepita njiani, nani amerudi na hasira, na nani amepika mboga ya pondu bila chumvi. Kabla ya ugomvi, Berthe alimpelekea sahani kila Jumapili.

Anselme alifanya kazi ya kubeba abiria kwa pikipiki. Asubuhi alikuwa Kabondo, mchana Mangobo, na siku nyingine alifika mpaka Bengamisa. Jioni alirudi amechoka. Mlango wake ulikuwa juu kidogo, kwa hiyo aliweka ubao mbele yake. Alipanda ubao ule injini ikinguruma, akaingia mpaka katikati ya sebule. Pale alikoleza gazi mara ya mwisho kwa nguvu, vuuum, kisha akazungusha ufunguo. Kazi imekwisha. Chini ya tangi kulikuwa na robine, kile kifungio kidogo cha esanse. Hakukigusa. Tangu anunue pikipiki, hakuwahi kukifunga hata siku moja.

Jumapili mvua ilianguka. Ilianguka kama mvua ya Kisangani inavyojua, bila kuuliza mtu. Anselme aliingiza pikipiki haraka, kwa njia yake ile ile. Akabadili nguo, akachukua mwavuli, akaenda kwenye kikao cha kanisa. Binti yake mdogo, Emilie, alikuwa analala kwenye mkeka kando ya pikipiki. Alikuwa na miaka minne.

Berthe alikuwa anapika pondu nyuma ya nyumba kwenye mbabula, jiko lake dogo la makaa. Mvua ilianza kuingia kwenye sufuria. Akashika mbabula kwa vitambaa viwili, makaa yakiwa mekundu, akaanza kuibeba ndani.

Hapo ukuta uligongwa. Ko, ko, ko. Koko Leila alikuwa anagonga mbao kwa kikombe chake cha bati.

Berthe akakaza uso. "Koko naye ameingia mu maneno ya mutoto wake," akawaza. Akapiga hatua moja mbele.

Ko, ko, ko.

"Tumesikia, Koko," Berthe akasema kwa ukali. "Moteri imezimwa. Sasa munataka nini tena?"

"Berthe, mwanangu." Sauti ya mama mzee ilipita kwenye mbao, haikuwa na haraka. "Usilete moto ndani. Mafuta yamefika chini ya kitanda changu, ninayanusa."

Berthe akatazama chini. Kwenye sakafu kulikuwa na mstari mwembamba unaong'aa. Ulianzia chini ya pikipiki. Ulipita kando ya mkeka wa Emilie, karibu sana, upana wa kiganja tu. Kisha uliingia chini ya ukuta, kwa Koko Leila.

Hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume, hatua moja, hatua nyingine, mpaka mvuani. Alikwenda na mbabula mpaka kwenye mfereji na kuiweka humo. Maji yakazima makaa. Pondu yote ikamwagika, hakuitazama. Alirudi mbio, akamchukua Emilie, akampeleka kwa jirani wa ng'ambo. Kisha akaita watu. Wanaume wawili wakaja, wakambeba Koko Leila pamoja na godoro lake, wakamlaza kwenye baraza ya jirani huyo. Wote walilowa.

"Niliogopa hutasikia," Koko Leila akamwambia Berthe. "Umenuna siku tatu."

Berthe alilia hapo kwenye baraza, ameshika ule mkono wa Koko usiosikia kitu.

Anselme aliporudi, alikuta milango yote imefunguliwa na mchanga umemwagwa sakafuni. Alikuta mama mzee kwa watu, akitetemeka kwa baridi. Alikuta mbabula mferejini. Hakuna aliyemgombeza. Rachida alifika kutoka sokoni, kilemba kimelowa. Akasikiliza habari yote akiwa amesimama. Kisha akampita Anselme, akaenda kumfunika mama yake. Anselme alitamani Rachida amtukane.

Jumatatu mapema Anselme alisukuma pikipiki mpaka kwa Papa Hemedi. Huyu ni fundi wa pikipiki pale kwenye kona, mtu wa maneno mengi na mikono myeusi.

"Nimesikia," Papa Hemedi akasema kabla ya salamu. "Nani hajasikia? Alors, nionyeshe vile unazimaka piki."

"Papa Hemedi, nimekuja juu ya mafuta inavuja."

"Nionyeshe tu."

Anselme akawasha. Akakoleza gazi, vuuum, akakata ufunguo. Bomba la moshi likalia paa.

"Nani alikufundisha hii gazi ya mwisho?"

"Wenzangu wa kazi. Wanasema inaachia moteri esanse ya asubuhi."

"Wewe unalalaka na fufu mu kinywa, ili ukule asubuhi?"

Anselme akatabasamu kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana.

"Sikiliza," Papa Hemedi akasema, sasa bila mzaha. "Ukizima na gazi kubwa, esanse inaingia bila kuungua. Inaosha oili ndani ya moteri. Ingine inaungulia mu bomba, ndiyo ile paa. Hiyo ni kuua piki yako. Lakini ile ya jana ilitaka kuua watu, na hiyo inatoka hapa."

Akagusa robine kwa kidole.

"Hii ni mlango wa esanse. Iko wazi?"

"Iko wazi."

"Toka lini?"

Anselme akainama kuitazama robine, kama anaiona mara ya kwanza.

Papa Hemedi akafungua kabureta, akatoa kitu kidogo kama sindano fupi. "Esanse ikijaa humu, hii sindano inaifungia njia. Tazama, imeliwa. Vumbi imeila. Robine ikibaki wazi, esanse inasukuma na inapita pole pole. Inatoka kwa huu mupira, inaenda chini. Saa moja, saa mbili, unapata mto mu nyumba. Nitaweka sindano mupya. Lakini na hiyo itaisha siku moja, na haitakuambia. Donc kila ukizima, unafunga robine. Kila siku. Hata ukisimama kula tu."

"Na kuzima yenyewe?"

"Mutu akikimbia kutoka Kabondo mpaka hapa, anajitupa chini mara moja? Anapumua kwanza. Unafika, unasimama inje. Inje, Anselme. Mahali iko sawa, mbali na moto. Unatoa vitesi, gia inabaki huru, unaachilia gazi, moteri inalia pole pole. Hesabu mpaka makumi tatu. Kisha unakata funguo. Kama umezima na kifungo chekundu, funguo nayo ukate, ju betri isikufe. Kisha robine. Kisha unaiacha ipoe, ju bomba ikiwa na moto inachoma mutoto mupaka mufupa."

"Halafu ninaisukuma ndani?"

"Mu nyumba yenye mutu analala? Yenye mbabula inaingia?" Papa Hemedi akatikisa kichwa. "Na ile moshi ya moteri, ukiwasha mu nyumba yenye imefungwa, inaua mutu bila kelele. Analala tu, haamki. Rachida hakukudanganya."

"Nikiiacha inje wataiiba."

"Hapo sasa mimi siko fundi."

Anselme alirudi nyumbani akiwaza. Alikwenda kwanza kwa Koko Leila. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba msamaha. Rachida alikuwa anapanga sabuni kwenye beseni, amewapa mgongo. Hakugeuka.

Alieleza alichoambiwa na fundi, na hofu yake ya wezi. Koko Leila alifikiri.

"Iweke nje ya dirisha langu," akasema. "Upande usio na jiko. Ifunge na mnyororo kwenye nguzo. Mimi silali sana, mwanangu. Panya akipita ninamjua jina. Mwizi atapita wapi?"

Anselme alijenga kibanda cha mabati pale, kidogo, wazi pande mbili ili hewa ipite. Alisimika nguzo nene ya kufungia mnyororo. Ule ubao wa mlangoni Berthe aliupasua kuni.

Wiki zikapita. Kila jioni Anselme alifika, akasimama nje, akaacha injini ilie polepole. Emilie alihesabu naye mpaka thelathini, akiruka kumi na saba kila siku. Ufunguo. Robine. Mnyororo. Sebule haikunuka tena. Ukuta wa mbao ukawa ukuta tu, moshi ukaacha kuupita. Asubuhi pikipiki ilikubali kuwaka haraka, bila ile gazi ya mwisho. Sahani ya Jumapili ikaanza tena kutoka kwa Berthe kwenda kwa Koko Leila. Rachida aliipokea mlangoni, akasema asante. Kwa Anselme bado hakuwa na neno. Aliyeambiwa ana wivu mbele ya watu hasahau upesi.

Siku moja Anselme alitoka Bengamisa na abiria mgonjwa. Njia ilikuwa mbaya, na jua lilikuwa linashuka. Mgongo ulimuuma. Alisimama, akahesabu bila kufungua kinywa, akakata ufunguo, akafunga mnyororo. Akaanza kwenda zake.

Ko, ko, ko, kwenye dirisha.

"Anselme," sauti ikasema. "Robine sijaisikia."

Anselme akasimama. Akarudi, akainama chini ya tangi. Kweli ilikuwa wazi. Akaizungusha. Ikalia tik, kidogo sana.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa nimesikia."

Alibaki ameinama pale, mkono juu ya robine, aibu imemjaa. "Yaya Rachida alisema kweli tangu mwanzo," akasema kwa sauti, na watu wawili waliokuwa wanapita njiani walisikia. "Hakuwa na wivu. Mimi nilikuwa na kiburi."

Mlango ukafunguliwa. Rachida alisimama hapo na mwiko mkononi. Harufu ya lituma, zile ndizi za kupondwa, na ya samaki wa kukaushwa kwa moshi ilitoka nyuma yake.

"Papa Anselme," akasema, "lituma inapoa. Ita Berthe na watoto, muingie mukule."