Manyoya ya Kijito cha Buwenge

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo tu. Kach. Halimah alikuwa jikoni kwake Nalufenya, mjini Jinja, alasiri ya Jumapili, mikono imejaa unga wa chapati, na aliujua papo hapo: mlango wa mtego wa bati unajifunga. Lakini mitego yote ya kazini kwake ilikuwa mbali, Buwenge, kando ya kijito.

"Swabrah!" aliita.

Kimya. Na bintiye huyo wa miaka minne hakuwa mtoto wa kunyamaza, hata akiwa na homa huongea. Kisha ikaja harufu ya simsim, ule ufuta wa kukaangwa na asali, na chini yake harufu ya tope la kinamasi. Simsim ndiyo ilikuwa roho ya yule mtoto, na mle ndani hamkuwa na simsim hata punje.

Alimkuta ndani ya kabati la vyombo, komeo limefungwa kwa nje. Swabrah alikuwa amejikunyata gizani, anatafuna.

"Nani kakufungia humu, mwanangu?"

"Simjui, mama. Ameninyanyua, akanipima uzito."

Halimah alimvuta kifuani, na mkono wake ulipopita kisogoni uligusa ngozi tupu. Nywele zilikuwa zimekatwa kipande kidogo, kadiri ya ukucha, kwa usafi kabisa. Akakaa sakafuni na unga wake.

Sasa sikilizeni alichofanya, maana watu wa Jinja wanakisimulia nusu nusu. Halimah na mwenzake Wanyera walikuwa wakimtafuta kirukanjia mmoja wa kandokando ya maji, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye wengi walidhani ametoweka. Akipatikana, kinamasi hakitafukiwa kupandwa miwa. Kazi nzuri, sikatai. Bibi Namukose, mwenye shamba pale kijitoni, aliwaruhusu kwa sharti moja.

"Nyinyi kamata, angalia, rudisha," aliwaambia. "Lakini hapana kata kitu yake. Hii maji iko na mwenyewe."

"Ndiyo, bibi," wakaitikia. Lo! Ndiyo ya mdomoni. Kirukanjia alipoingia mtegoni, Halimah alimpima, akamkata manyoya kidogo kisogoni, ili akirudi wamtambue. Ndiyo desturi ya kazi yao. "Si yataota tena?" alisema, akacheka. Asiyesikia la mkuu, mnajua wenyewe.

Wanyera alipoiona ile alama kichwani mwa mtoto, aliitambua mara moja. "Dada, twende kwetu Mbale," alinong'ona. "Shehe Zubair anawaweza hawa wenye maji."

Wakaondoka asubuhi kwa gari la kazi, Halimah amempakata mtoto na kumfunga kwa leso kiunoni mwake kana kwamba bado ni mchanga, na njia nzima alikuwa akisoma kila dua aliyofundishwa utotoni, akianza hii na kuiacha katikati kwa sababu ile harufu ya simsim ilikuwa ikiingia na kutoka ndani ya gari ijapokuwa vioo vimefungwa, na kila ilipoingia Swabrah aliinua pua yake na kutabasamu.

Shehe Zubair alimsomea mtoto mpaka jasho likamtoka. Kisha akamruhusu akacheze barazani kwa mkewe, akainama juu ya bakuli la maji, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mwenye maji anataka manyoya yake," alisema.

"Hayapo, shehe." Halimah alianza kulia. "Tuliyatuma Ulaya kwa ndege, yakachunguzwe. Hayarudi tena."

Shehe akalifunika bakuli taratibu. "Basi mimi sina la kumwambia. Hataki mbuzi, hataki ubani. Anasema hana ugomvi na wewe, anafuata desturi yenu tu. Kamkamata, kampima, kamtia alama, kamwachia."

"Kamwachia!" Halimah alishika kifua. "Alhamdulillah! Basi yamekwisha!"

"Ngoja kwanza, binti yangu. Nyinyi mkimkamata mwenye alama mara ya pili, mnamfanyaje?"

Halimah aliushusha ule mkono. Akamgeukia Wanyera kwa macho ya kumwomba asiseme. Wanyera alikuwa akiutazama mkeka.

"Wa mara ya pili hatukumwachia, shehe," Wanyera alisema kwa sauti isiyosikika vizuri. "Kazi ilitaka ushahidi. Yuko ofisini, ndani ya chupa ya dawa ya kumhifadhi asioze."

Chumba kikajaa harufu ya asali.

"Mama!" Swabrah aliita huko nje, sauti imejaa furaha. "Mama, kuna simsim huku!"

Halimah aliruka, akapiga bakuli teke, maji yakamwagika mkekani. Alikuwa bado hajaufikia mlango aliposikia.

Kach.