Sakafu Isiyo na Ufa

Mifupa ilikuwa chini ya sakafu ya jiko, imelala ubavu, mkono mmoja chini ya shavu kama mtu aliyejipumzisha. Mafundi bomba waliovunja sakafu walikuwa wamekaa nje. Hakuna aliyetaka kurudi kuchukua sururu yake.

Mkaguzi wa upelelezi alichuchumaa ukingoni mwa shimo. Daktari wa uchunguzi wa maiti alimwonyesha fuvu.

"Mwanamke. Kapigwa mara moja, kwa chuma chenye uso wa mraba. Nyundo."

"Zamani?"

"Miaka kumi na zaidi."

Mkaguzi aliinua macho akatazama kuta. Nyumba hii aliijua. Miaka kumi na mmoja iliyopita, akiwa koplo, alitumwa hapa kumtafuta mwanamke aliyepotea, mke wa dereva wa lori.

Kabla ya adhuhuri dereva alikuwa mahabusu. Binti yake, muuguzi, alikuja kituoni na sare zake za kazi, akakataa kiti.

"Tangu nina miaka tisa bibi ananiambia, baba yako ndiye. Nami namtetea! Nimempikia miaka yote hiyo palepale jikoni. Kumbe nampikia juu ya mama."

Dereva mwenyewe hakulia. Alikuwa amechoka tu.

"Afande, nyumba nimeiuza miezi miwili iliyopita. Mtu mwenye maiti sakafuni anauza nyumba?"

"Mjinga anauza."

"Mimi ni mjinga, sikatai. Lakini si wa namna hiyo. Mwambie mwanangu aniangalie tu, basi."

Mkaguzi alirudi kwenye ile nyumba peke yake. Sebule ilikuwa na nyufa. Chumbani nyufa, ukumbini nyufa. Akaokota vipande vya sakafu ya jiko, kimoja baada ya kingine. Kila palipovunjika palivunjwa na sururu. Ufa wa zamani hakuuona hata mmoja. Yeye alijijengea nyumba yake tofali kwa tofali, alijua: saruji isiyomwagiliwa siku saba hupasuka.

Akavuka kwa jirani, mama mtu mzima aliyekuwa akianika nguo.

"Mama, sakafu ya jiko lile, wakati mke wa dereva alipopotea, nani aliimwagilia?"

"Fundi mwenyewe! Mwenye nyumba kapotea, watu wanahangaika, yeye asubuhi zote saba na ndoo yake. Nikasema, hivi ndivyo wanaume walivyotakiwa kuwa. Wangu hata maua hamwagilii."

"Fundi gani?"

"Si yule mliyemfunga? Pimamaji."

Mkaguzi alilijua jina hilo.

Pimamaji alikuwa mwashi, aliyebandikwa jina la kifaa chake cha kupimia usawa. Alihukumiwa kunyongwa kwa kuwaua kwa nyundo wenye nyumba wawili, mwalimu na mjane. Kesi hiyo ndiyo iliyompandisha mkaguzi cheo. Lakini mwalimu na mjane waliuawa baada ya mke wa dereva.

Gerezani, kwenye sero ya wanaosubiri kitanzi, ndala za Pimamaji na kikombe chake vilipangwa sambamba na ukuta.

"Umechelewa, koplo."

"Mkaguzi siku hizi."

"Hongera. Umepandia mgongo wangu."

"Mke wa dereva. Kwa nini ulirudi siku saba? Ungekimbia."

Pimamaji alimtazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Ingepasuka."

"Alikukosea nini?"

"Nilipomaliza sakafu alimwaga kikombe cha maji. Yakakimbilia kona. Akacheka. Baba yangu alinifundisha kazi kwa fimbo. Ukuta ukipinda, nalala njaa chini yake. Lakini hakuwahi kunicheka." Alinyoosha ukingo wa blanketi. "Nikaifumua, nikaianza upya. Naye ndani. Safari ile maji yalitulia."

"Na wale wawili?"

"Mjane alicheka. Mwalimu... nilidhani anacheka."

Alitia sahihi maelezo yake polepole, mstari ukiwa umenyooka.

"Dereva mtamwachia?"

"Leo hii."

"Vizuri. Alinipa chai siku ile, kabla hajaondoka na lori." Kisha akainua macho. "Asubuhi ya pili ulikuja, unamtafuta. Ukakanyaga pale, saruji bado mbichi. Nikakwambia, afande, unaniharibia kazi. Unakumbuka ulijibu nini?"

Mkaguzi alifunga jalada. Alikumbuka. Tangu atoke kwa jirani alikuwa akiomba Pimamaji awe amesahau.

"Ulisema samahani. Ukavua viatu ukavishika mkononi. Nikasema moyoni, huyu kalelewa."

Jioni, mlangoni mwa kituo, binti alimshika baba yake mkono, wakaondoka wakitembea taratibu kama watu waliotoka hospitali. Mkaguzi aliwatazama hadi walipokata kona, akaenda kwake.

Mkewe alimkuta kizingitini, viatu mkononi, akiitazama sakafu ya ukumbi.

"Baba, mbona huingii?"

"Nakuja," alisema. Hakuinua mguu.